Bibi wa Rinkeby

"Kiswidi nimekimaliza," Bibi Elieshi alimwambia dada yake wa Machame kwenye simu, hata msimu wa baridi wa kwanza haujaisha tangu ashuke Stockholm. "Nimekimaliza chote, toka mwanzo mpaka mwisho." Kisha akageuka kuangalia kama binti yake hasikii, akashusha sauti. "Kilichobaki ni maneno tu."

Maneno aliyokuwa nayo ni ja, tack na hej, yaani ndiyo, asante na hujambo, na kwa hayo aliendesha maisha yake yote mtaani Alby, pembezoni mwa Stockholm. Dukani alisema hej akiingia na tack akitoka. Akiulizwa jambo lolote hapo katikati alisema ja, mara mbili, taratibu, kwa uso wa mtu aliyelipima swali. Kwa ja hiyo aliwahi kurudi nyumbani na mfuko mkubwa wa chakula cha paka, na paka hawana.

Lakini hakuja Ulaya kusema. Alikuja kwa ajili ya Michelle, mjukuu wake wa miaka sita, ambaye alikatwa sehemu kubwa ya utumbo akiwa mchanga. Michelle alikula kwa kuonja tu: kijiko cha wali, kona ya andazi. Chakula chake hasa kilikuwa ndani ya mfuko, cheupe kama maziwa, kikisukumwa na mashine ndogo kupitia mpira ulioingia kifuani mpaka kwenye mshipa mkubwa. Mpira huo ulikuwa wa nne. Mitatu ya kwanza iliharibika, na kila ulipoharibika mtoto alipasuliwa ukawekwa mwingine. Safari ya mwisho daktari hakuzunguka. Mishipa ya kuwekea mpira inaelekea kuisha, alisema. Huu mlindeni.

Ndiyo maana sheria ya nyumba ilikuwa kali. Mpira uliguswa na watu wawili tu, binti yake Eve na mumewe Paskali, kwa sababu wao ndio waliosomeshwa hospitalini. Paskali alikuwa dereva wa malori, na wiki hiyo alikuwa kaskazini huko kwenye theluji. Bibi Elieshi aliruhusiwa kutazama.

Kutazama nako kulikuwa na masharti. Nesi wa hospitali ya watoto aliyekuja nyumbani kuwaongezea mafunzo, kijana mrefu aitwaye Axel mwenye hereni sikio moja, alimtaka anawe kabla hajakaribia kitanda. Akanawa. Akajifuta kwa khanga. Axel akasema kitu, akatabasamu.

"Amesema unawe tena, Mama," Eve akatafsiri bila kumtazama usoni. "Umegusa khanga."

"Khanga hii nimeifua mimi."

"Najua, Mama. Nawa tu."

Bibi Elieshi alinawa. Mikono iliyolea watoto saba, hakuna aliyekufa kwa uchafu, inaoshwa upya kwa amri ya mvulana mwenye hereni. Alisema tack. Lakini jambo hilo lilimkaa hapa, chini ya koo, kama mfupa wa samaki.

*

Sasa Michelle alikuwa ametoka kuugua homa, na daktari alikuwa amemwandikia dawa ya kuua vijidudu, ipite kwenye mpira huohuo. Dozi moja iliangukia saa tisa mchana, wakati mfuko wa chakula bado unapita. Axel alikuja kuonyesha. Alizima mashine, akabana mpira wa chakula, akasukuma maji ya chumvi, kisha dawa polepole, kisha maji ya chumvi tena, ndipo akarudisha chakula. Alipomaliza aliongea kwa muda mrefu huku kidole kikienda juu na chini.

"Anasemaje?" Bibi akauliza.

Eve alikuwa akitafuta viatu aende kazini. "Amesema tusichanganye."

Hotuba yote ile, ikatoka neno moja. Bibi Elieshi akaona hapo kuna uvivu wa kutafsiri. Tena aliona jambo jingine, akastaajabu kwamba wasomi wote wale hawakuliona. Kila dawa ilipoingia, mtoto alikunja uso na kushika tumbo. Sasa hiyo ilihitaji shahada? Walikuwa wanamkata mtoto chakula halafu wanampa dawa! Tangu zahanati ya kwanza aliyoijua maishani, mganga akikupa dawa anakuuliza umekula nini. Kama hujala, unarudishwa nyumbani ukanywe hata uji. Dawa kali kwenye tumbo tupu humsokota mtu mzima mpaka ajikunje, sembuse mtoto asiye na tumbo lenyewe.

Alimwambia Eve. Eve akacheka, cheko fupi la mtu mwenye haraka. "Mama, ile haiendi tumboni. Inaenda kwenye damu."

"Na damu nayo haina njaa?"

Eve akafunga zipu ya koti. "Mama, tafadhali."

*

Jumanne hiyo Eve hakupaswa kwenda kazini. Lakini simu ililia asubuhi kutoka kwenye nyumba ya wazee alikofanya kibarua cha kuitwa. Mtu ameugua, waweza kuja mpaka saa nane? Eve alikuwa amekwisha kataa mara mbili mwezi huo kwa sababu ya homa ya mtoto. Akajibu kwa sauti nyororo ambayo mama yake hakupata kuisikia ikitumika nyumbani: ndiyo, bila shaka, kwa furaha. Akakata simu, akasonya.

Aliunganisha mfuko, akaweka bomba la sindano lenye dawa tayari kwenye friji, akaondoka kukimbilia treni. "Nitafika kabla ya saa tisa. Usiguse kitu."

Saa tisa nje ilikwisha kuwa giza, na Eve alikuwa amekwama kituo cha Liljeholmen. Njia ya treni imeharibika, watu wamejaa, mabasi ya kuwachukua hayaonekani. Alipiga simu akihema.

"Mama, sikiliza. Imeshapita saa. Utaweza kumpa wewe?"

Bibi Elieshi akajiweka sawa kitini. Hatimaye.

"Umeniona nikifanya. Nawa mikono, vaa glavu. Zima mashine. Bana mpira wa chakula, kile kibanio cha bluu. Maji ya chumvi, dawa, maji ya chumvi. Ndipo uwashe. Rudia."

"Zima, bana, chumvi, dawa, chumvi."

"Na Mama, hospitali wakijua wewe umegusa, watamrudisha Michelle wodini. Na mimi kazi basi. Tumeelewana?"

"Mimi ni kaburi," akasema Bibi Elieshi.

Alinawa kama daktari wa upasuaji. Khanga aliivua kabisa, akaitupa jikoni. Michelle alikuwa amekaa kitandani na simu ya katuni, mpira ukitokea chini ya fulana yenye picha ya farasi.

"Mke mwenzangu," Bibi akamwambia, "leo nakuhudumia mimi."

Michelle akajibu kwa Kiswidi. Mtoto huyu alikuwa hivyo. Ukimsemesha Kiswahili anakielewa chote, anakujibu kwa lugha ya shuleni. Bibi akasema ja, ja.

Akanyoosha mkono azime mashine. Mkono ukasita. Aliuona ule uso mdogo tayari umeanza kujikunja, ukingoja maumivu. Akaangalia mfuko, bado nusu. Chakula hiki hapa, kinapita vizuri. Kwa nini mtoto aadhibiwe?

"Dawa haipewi mwenye njaa," alisema, kwa sauti ya kumfundisha mtoto. "Ngoja, leo utaona haitauma."

Mashine hakuizima. Kwenye mpira wa chakula kulikuwa na kitundu cha pembeni chenye kifuniko, akakisugua kwa pamba ya spiriti, akaunga bomba la dawa, akasukuma. Taratibu, kwa mapenzi yote.

Kwanza ilikuwa kama moshi ndani ya weupe. Kisha weupe ukakatika. Alijua namna maziwa yanavyokatika, alikuwa ameyaona sufuriani maisha yake yote. Lakini haya yalikatika ndani ya mpira uliokuwa ukienda kifuani kwa mjukuu wake, yakawa chembechembe, chembe zikishikana na kusogea. Akakidaka kibanio kilichokuwa karibu na kifua, akakibana kwa vidole viwili, kwa nguvu za kuvunja. Mashine ikapiga kelele.

"Yesu wangu."

"Mormor?" Michelle akamwita, bibi kwa Kiswidi.

"Si kitu. Si kitu, mke mwenzangu. Haijauma, eeh? Nilikwambia."

Kelele za mashine zilimleta Pélagie, jirani wa mlango wa pili, Mkongo mwenye sauti ya kwaya. Aliingia na mwiko mkononi. Akasoma kioo cha mashine, akaangalia mpira.

"Mama, hapa imeandika imeziba. Umetia nini humu?"

"Mimi? Sijatia kitu. Mitambo ya Wazungu hiyo."

"Na hii bomba ya sindano?"

"Ya jana."

Pélagie akaligusa bomba. Lilikuwa bado na baridi ya friji. Alivuta kiti, akaketi, akampigia Eve, na wakati wote akiongea alikuwa akimtazama Bibi Elieshi kama mtu anayemtazama mtoto wake mwenyewe akiwa na sukari mdomoni.

Simu ikapita kwa Bibi. "Mama, ulifanya nilivyokwambia?" Eve alikuwa analia.

"Vilevile."

"Ulizima?"

"Nilizima, nikabana, chumvi, dawa, chumvi. Vilevile, mwanangu."

Alipokata, Pélagie akainuka. "Miye sikuwa hapa," akasema. "Lakini huyu mutoto alikuwa hapa, Mama." Akachukua mwiko wake, akatoka.

Bibi Elieshi akageuka. Michelle alikuwa akimkodolea macho makubwa, yale ya Paskali. Bibi akaenda jikoni, akarudi na andazi zima, si kona.

"Hili ni lako lote," akasema. "Ila mama asiambiwe."

*

Hospitali ya watoto, Eve alikowakimbiza alipofika nyumbani, ilikuwa na joto kama oveni. Axel aliwapokea mwenyewe, akamlaza Michelle, akakata mpira wa chakula na kuuweka kwenye sahani ya chuma. Sehemu ya kifuani ilikuwa bado imebanwa. Alijaribu kuvuta kwa bomba tupu, hakuna kitu. Alijaribu kusukuma kidogo tu; hakuna kitu. Hereni haikutikisika.

Kisha akaweka simu mezani, akabonyeza, sauti ya mwanamume ikajaa chumbani. Ndiyo desturi yao, mambo ya dawa huitiwa mkalimani.

"Mimi najua Kiswidi," Eve alisema, masikio yamemwiva. Miaka kumi na moja nchini, analisha na kuogesha wazee wao, bado anaitiwa mtu wa kumsemea. Axel akaeleza kwa upole kwamba ni kwa ajili ya Bibi pia, yuko nyumbani kila siku, ana haki ya kuelewa. Upole huo ulimtia Eve hofu kuliko ukali.

"Hamjambo," ikasema simu. "Mimi ni Mugambi. Natafsiri kila kitu kinachosemwa humu ndani, sipunguzi na siongezi. Shikamoo, nyanya."

"Nyanya ziko sokoni," Bibi akanong'ona kwa Eve. "Wakenya hawa." Hapohapo akasikia nyanya zake na Wakenya wake wakipelekwa kwa Kiswidi, mzigo wote. Axel akainua nyusi. Bibi Elieshi akafunga mdomo, akaiangalia ile simu kama nyoka.

Axel aliuliza nani alimpa mtoto dawa ya saa tisa.

"Mimi," Eve akasema.

Bibi Elieshi akaangalia sakafu.

"Ulizima mashine? Ulisafisha kwa chumvi kabla?"

"Hatua zote," Eve akasema. Alisema kwa uhakika kabisa, kwa kuwa aliyemwambia ni mama yake mzazi.

Axel akashusha pumzi, na Mugambi akaifuata sauti yake neno kwa neno. "Anasema, ni muhimu sana nijue. Kuna namna mbili za kuziba. Chakula hiki kina mafuta, na mafuta yakiganda yenyewe kuna maji yake ya kuyayeyusha. Lakini kama dawa imekutana na chakula, huo ni mgando wa aina nyingine, una maji yake mengine. Nikitia yasiyo yake yanaweza kukaza zaidi, na mpira tumeupoteza. Anasema, hawezi kujaribu jaribu. Na kwa kuwa hatua zilifuatwa, basi ni mafuta."

Kulikuwa na vichupa viwili kwenye trei. Axel akachukua cha kushoto, akavunja shingo yake.

Bibi Elieshi hakujua Kiswidi, lakini kichupa kisicho chenyewe alikijua. Akisema, mtoto atafungiwa wodini, Eve atakosa kazi, na Eve atajua kwamba mama yake alimwapia uongo mtoto akiwa hatarini. Asiposema, mpira wa nne umekwenda. Na wa tano hauna mshipa. Axel alikuwa ameshavuta maji kwenye bomba, anatoa hewa, tone likaning'inia kwenye ncha.

"Ngoja!" akasema Bibi Elieshi.

Mugambi akasema ngoja kwa Kiswidi. Axel akasimama.

"Nina swali," Bibi akaanza. "Si la kwetu. Kuna bibi mmoja namfahamu. Wa Rinkeby, kule upande wa pili wa mji. Tunasali naye. Naye ana mjukuu ana mpira kama huu."

"Mama," Eve akasema.

"Nauliza tu. Huyo bibi, katika kupitiwa, watu wazima tunapitiwa, alitia dawa chakula kikiwa kinapita. Yeye alifikiri mtoto asipewe dawa na njaa. Maziwa yakakatika kama haya. Haya haya, ukiyatazama." Akaonyesha ile sahani ya chuma kwa mkono wote, kama muuza samaki. "Sasa huyo, angekuwa yeye, ungemtilia kichupa kipi?"

Mugambi alitafsiri polepole. Axel aliangalia sahani. Akaisogeza chini ya taa, akainama, akazikoroga zile chembe kwa ncha ya bomba. Kisha akaliweka chini bomba aliloshika, akachukua kichupa cha kulia.

Eve alikuwa amegeuka mzima. Bibi Elieshi alihisi macho ya binti yake shavuni kama moto wa jiko, hakugeuka. Alikazia macho mikono ya Axel. Axel alitia kidogo, akangoja. Akavuta, hakuna. Akatia tena. Michelle alikuwa akitazama farasi kwenye simu, miguu inacheza. Axel akavuta tena, na Bibi Elieshi akaanza kusali kimoyomoyo, maombi yasiyo na mpangilio, akiahidi vitu asivyokuwa navyo. Axel akangoja. Akavuta.

Uzi mwekundu ukapanda ndani ya bomba, mwembamba, kisha mnene, damu safi.

"Ja!" Bibi Elieshi akapiga kelele. Hakuwahi kulisema neno hilo kwa kulielewa hivyo. Eve akakaa chini ghafla, akaficha uso mikononi.

Axel alisukuma maji ya chumvi, yakapita. Akafunga. Akavua glavu, jasho limemtoka juu ya mdomo, akavuta kiti mpaka mbele ya Bibi Elieshi, magoti yakakaribiana. Alipoongea hakuwa anacheka hata kidogo.

"Anasema, nyanya, asante sana," ikasema simu. "Anasema umeuokoa huu mpira. Lakini sasa ana wasiwasi na mtoto wa Rinkeby. Zile chembe zikifika mapafuni mtoto anaweza kufa. Anasema hawezi kwenda nyumbani leo kabla hajampata. Huyo bibi anaitwa nani?"

Bibi Elieshi akakohoa. "Anaitwa... Wangari."

Axel akaandika kiganjani. "Anasema, Wangari nani? Simu yake?"

"Simu yake imeharibika."

"Anaishi jengo gani?"

"La ghorofa."

"Anasema majengo yote ya Rinkeby ni ya ghorofa. Anasema usiogope, hakuna atakayemkasirikia bibi huyo, mradi mtoto apatikane. Basi jina la mjukuu. Wagonjwa wa namna hii ni wachache, kwa jina atamjua. Mjukuu anaitwa nani?"

Bibi Elieshi alijua majina. Kule kanisani kuna watoto wa kujaza basi. Lakini yule kijana alikuwa amemwinamia, macho yamejaa hofu ya kweli kwa mtoto asiyekuwepo duniani, na majina yote yakamkimbia.

Michelle akazima katuni. Akainua kichwa kutoka kwenye mto. Na mtoto huyu, ambaye Kiswahili hukila na kukijibu kwa Kiswidi siku zote, akasema kwa Kiswahili safi, na lafudhi ya Machame tupu:

"Ni mimi. Bibi alisema dawa haipewi mwenye njaa. Halafu akanipa andazi zima, ili mama asiambiwe."

Eve hakuhitaji mkalimani. Aliondoa mikono usoni taratibu. Chumba kizima, aliyekuwa bado hajui kitu ni Axel, ambaye alikuwa akitazama mdomo wa mmoja hadi wa mwingine, kalamu mkononi.

Bibi Elieshi akaiinamia simu mpaka pua ikaigusa.

"Mugambi, baba," akanong'ona. "Mwanangu. Hilo la mtoto, si lazima."

"Pole, nyanya," ikasema simu.

Na Mugambi akatafsiri yote, andazi na njaa, neno kwa neno, mpaka na hilo la kumwomba asitafsiri.